Sufuria la Pili la Fundi Kapaya

Kisa hiki nilitumiwa na shemeji yangu wa Urambo, naye alitumiwa na mwenzake wa kikundi cha kuzikana. Mara ya kwanza nilikisoma nikacheka. Mara ya pili nikanyamaza. Nimeona kisiishie kwangu. Kisome taratibu, kisha mtumie yule unayependa kula naye.

Mjini Tabora aliishi mpishi aitwaye Salumu Kapaya. Watu walimwita Fundi Kapaya, na hapakuwa na mtu wa kumbishia cheo hicho. Harusi ikitangazwa, watu hawakuuliza kwanza bwana harusi ni mtoto wa nani. Waliuliza, "Nani anapika?" Wakiambiwa ni Kapaya, hata wasioalikwa walianza kupiga pasi kanzu zao.

Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito na kicheko kilichomtangulia. Ukisikia kicheko uani, ujue baada ya kitambo kidogo tumbo litafuata, na nyuma ya tumbo atakuja Kapaya mwenyewe na upawa wake begani.

Kazi yake aliipenda mno, na zaidi ya yote alipenda kuonja. Wapishi wengine huonja kwa ncha ya kijiko. Kapaya alionja kwa bakuli. Alionja nyama ikichemka, akaonja supu, akaonja wali ungali na kiini, akauonja tena ukiiva. Mwisho alikwangua ukoko ulioshikana na samli chini ya sufuria, na huo hakumgawia mtu. Wenye harusi, kwa kumheshimu, walimletea soda baridi palepale jikoni. Ikiisha, wakaleta nyingine.

"Mpishi mwembamba," alizoea kusema huku akipapasa kitambi, "ni kama kinyozi mwenye nywele timutimu. Nani atamwamini?"

Mkewe, Bi Kalunde, alikuwa na bustani ndogo nyuma ya nyumba. Alipanda mchicha, matembele na kunde. Majani ya kunde aliyachemsha, akayaanika juani, akayaweka akiba kwa ajili ya kiangazi. Mboga hiyo kavu watu wa huko huiita nsansa, na huipika kwa karanga.

Kapaya hakuigusa. "Hiyo wawekee bibi zako," alimwambia mkewe. "Mimi nimeshatoka kwenye shida."

Miaka ikaenda. Fundi akaanza kusikia kiu isiyokatika. Akawa anakunywa maji, anakwenda msalani, anarudi, anakunywa tena. Akila mchana, usingizi humwangusha kama mtu aliyepigwa rungu. Siku moja alikoroma msikitini katikati ya mawaidha, na shehe ilibidi apandishe sauti. Miguu nayo ikawa mizito na yenye ganzi, kama vile amevaa soksi nene siku zote.

"Joto la jiko hilo," alisema.

Mkewe akamwomba aende hospitali. Akasema atakwenda harusi zikipungua. Lakini Tabora, msimu wa harusi ukianza, nani alishaona zikipungua?

Basi siku moja alikuwa akipika kwenye harusi moja mtaa wa Isevya. Moto ulikuwa umekolea, kina mama wanamenya vitunguu huku wakiimba, na Kapaya amesimama kando ya sufuria akigeuza wali. Ghafla akainua pua juu.

"Nani anaunguza nyama?" akauliza kwa ukali.

Kina mama wakatazamana. Nyama ilikuwa imeshaipuliwa kitambo.

"Nasema nani anaunguza nyama? Hamsikii harufu?"

Mama mmoja akainamisha macho chini, akapiga ukelele. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka jikoni, likaingia ndani ya kandambili ya Fundi Kapaya. Kandambili ilikuwa inafuka moshi. Nyama iliyokuwa ikiungua ilikuwa ni mguu wake mwenyewe.

Naye hakuwa amesikia maumivu yoyote.

Wakammwagia maji, wakamvua kandambili, wakamkalisha. Alikitazama kidonda cha mguu wake kama mtu anayetazama mguu wa jirani. 

Hospitalini alipokelewa na daktari wa kike, kijana, jina lake Mbuke. Alimwamkia kwa adabu, akamsafisha kidonda, akampima damu. Majibu yalipotoka, akavuta kiti akakaa karibu naye.

"Mzee wangu, una kisukari. Na si cha jana. Kimekaa nawe muda mrefu, ndicho kilichoitia ganzi miguu yako. Tusipokuwa makini na kidonda hiki, mguu unaweza kuondoka."

"Daktari," Kapaya akasema kwa sauti ndogo, "mimi ni mpishi. Ukiniambia nisile, umeniambia nisiishi."

"Sijakwambia usile. Hebu niambie wewe mwenye jiko lako. Moto wa nyasi ukoje?"

"Unaruka juu mara moja, kisha unazima. Haupikii kitu."

"Na moto wa gogo la mninga?"

"Huo unatulia. Unakupa muda. Huo ndio unaivisha."

"Sawa. Soda, chai ya sukari nyingi, mlima wa wali mweupe, hivyo ni moto wa nyasi. Ukivila, sukari inapanda kwenye damu kwa kishindo. Sasa mwili una kitu kinaitwa insulini. Kazi yake ni kubisha hodi kwenye milango ya mwili, sukari iingie ndani iwe nguvu. Lakini ukiuletea mwili mafuriko kila siku, miaka nenda miaka rudi, na mafuta yakajaa tumboni, milango inakuwa mizito ya kusikia. Hodi inapigwa, hakuna anayefungua. Sukari inabaki kwenye damu inazurura, inakwaruza mishipa ya macho, ya figo, ya miguu."

Kapaya akafikiri. "Kwa hiyo mimi ninashiba huku mwili wangu una njaa?"

"Ndivyo hasa. Ndiyo maana unachoka ukiwa umekula."

"Na huo moto wa gogo ni chakula gani?"

"Mtama usiokobolewa, ulezi, maharage, choroko, karanga kwa kiasi, na mboga za majani kwa wingi. Hivyo vinaingia polepole. Dawa utameza kama nitakavyokuandikia, usiziache hata ukijisikia mzima. Utatembea kila siku mguu ukipona. Na miguu yako utaikagua kwa macho, kwa kuwa yenyewe haikwambii tena."

Kapaya alirudi nyumbani akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Njiani alimwambia neno moja tu.

"Mama Tausi, watu wasijue. Waambie nimeungua."

"Kwani kuumwa ni wizi?"

"Waambie nimeungua."

Bi Kalunde akakubali, maana alimwona jinsi alivyo. Kapaya aliona aibu. Aliona kwamba mpishi mwenye kisukari ni kama mganga aliyerogwa.

Hapo zikaanza siku za huzuni katika nyumba ile. Bi Kalunde, kwa hofu ya kumdhuru mumewe, alimpikia kila kitu kwa maji matupu. Kabichi ya kuchemsha. Maharage ya kuchemsha. Bonge dogo la ugali wa mtama lililokaa peke yake kwenye sahani kama mfiwa. Watoto na wageni waliandaliwa mkekani, naye akaandaliwa chumbani. Alikula akiwa ameupa mlango mgongo, kisha akarudisha sahani ikiwa nusu.

Kicheko chake kikaondoka. Watu waliokuja kumwita harusini waliambiwa mguu bado. Upawa wake ukatundikwa ukutani.

Sasa Kapaya alikuwa na binti mmoja, Tausi, naye siku hizo alikuwa ameposwa na kijana wa Ujiji. Siku moja mchana Tausi aliingia chumbani akamkuta baba yake anakitazama kipande cha kabichi.

"Baba, siku imepangwa. Nani atapika harusi yangu?"

"Tafuteni mpishi mzima. Mimi chakula kimenikataa."

Tausi akalia. Alikuwa amekua akijua kwamba siku yake ikifika, moshi wa kwanza utakaopanda uani utakuwa wa jiko la baba yake.

Bi Kalunde aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Akaingia, akaitazama ile kabichi, akamtazama mumewe. Uvumilivu wake ukafika mwisho.

"Baba Tausi, nikuulize. Miaka yote hii nimekusikia ukiwaambia watu kwamba hakuna chakula kibaya, kuna mpishi mvivu. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Hicho kilichoko mbele yako nimekipika mimi. Mimi si fundi, mimi ni mkulima wa mchicha. Fundi ni wewe. Umewapikia wakubwa na wadogo wa mji huu, tumbo moja tu hujawahi kulipikia, nalo ni la kwako. Sasa mvivu ni nani?"

 Tausi akaacha kulia ili asikie baba yake atajibu nini.

 Kapaya alishika fimbo, akajikokota na mguu wake wenye bendeji hadi jikoni. Wakasikia anafunua vyungu. Kisha wakasikia sauti ambayo hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu.

"Mama Tausi! Zile takataka zako za kunde umeziweka wapi?"

"Zinaitwa nsansa!" Bi Kalunde akajibu, naye tayari anatabasamu.

Siku ile Kapaya alipika kama vile anapikia Sultani. Aliziloweka nsansa, akakaanga karanga kwa moto mdogo hadi zikanukia, akazitwanga. Kulikuwa na uyoga mkavu wa porini ambao mkewe aliununua tangu masika, akautia. Badala ya kumimina mafuta, alikaanga kitunguu kwa kijiko kimoja tu, akaongeza nyanya mbichi, tangawizi na pilipili nzima kwa ajili ya harufu. Chumvi aliitia kwa woga, akaongeza ndimu ili ulimi usiidai. Choroko akaziunga kwa kitunguu saumu na bizari nyembamba. Ugali wa mtama akausonga mwenyewe hadi ukalainika.

Akachukua kijiko. Akaonja kwa ncha. Akafumba macho.

Tausi na mama yake walikuwa wamesimama mlangoni wameshikana mikono.

Kapaya akaonja tena. Halafu bega moja likatikisika, na la pili likafuata, na kile kicheko kikatoka, kikajaa jikoni, kikavuka ua, hadi jirani upande wa pili akasema, "Alhamdulillahi, Fundi amepona mguu."

"Kumbe!" Kapaya akasema akijifuta machozi. "Kumbe kitu hiki kilikuwa humu ndani siku zote, na mimi nikakiita cha bibi!"

Tangu siku hiyo alihamia jikoni. Alijifunza vyakula vile upya kama mtoto anayejifunza kuandika. Aligundua kwamba bamia zisizopondwa mno zina utamu wake, na kwamba samaki aliyebanikwa hana haja ya kuogelea kwenye mafuta. Soda akaiacha, akaanza kunywa maji yenye majani ya mchaichai. Dawa alimeza kila siku, Tausi akimsimamia kama polisi. Kidonda kilipofunga, akawa anatembea asubuhi hadi stesheni na kurudi, akiwaamkia watu njia nzima.

Kiu ikapungua. Usingizi wa mchana ukamwacha. Tumbo lilianza kupungua kidogo kidogo, hadi ikabidi atoboe mkanda tundu jipya. Aliporudi kwa Daktari Mbuke, daktari alitazama majibu, akamtazama yeye, akasema, "Mzee wangu, endelea hivihivi. Kisukari hakijaondoka, lakini umekishika masikio."

Jambo moja tu halikubadilika. Bado alikuwa akificha. Mtu akiuliza mbona amepungua, alijibu, "Joto."

Siku ya harusi ya Tausi ikafika. Kapaya akautungua upawa. Alfajiri moshi ukapanda uani, na masufuria makubwa ya pilau yakawekwa jikoni, maana harusi bila pilau ingekuwa tusi kwa wageni. Lakini nyuma ya jiko, penye banda la kuni, aliweka sufuria la pili, dogo, la kwake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na nsansa za karanga na uyoga. Kando yake kulikuwa na chungu cha choroko na ugali wa mtama uliofunikwa kwa kawa. Alivifunika vyote kwa gunia asije mtu akaviona.

Hofu ya siku ile ilikuwa mtu mmoja tu, Mzee Songoro, baba wa bwana harusi. Alikuwa amestaafu ukuu wa stesheni ya reli, mtu mrefu, mnyoofu, asiyecheka ovyo. Habari zake zilikuwa zimemtangulia kutoka Ujiji: kwamba kwenye harusi za watu huwa hali chakula. Husukuma sahani, hunywa maji, huondoka mapema. Wengine walisema ana maringo. Wengine walisema anawadharau wapishi.

"Leo atakula," Kapaya alimwambia mkewe. "Pilau hii hata maiti angeomba kijiko."

Nikaha ikafungwa, vigelegele vikapigwa, sinia zikapita. Kina mama waliokuwa wakichungulia kutoka jikoni walimwona Mzee Songoro akiletewa sahani iliyojaa. Akaitazama kwa muda. Akala matonge mawili. Akaisukuma. Akanywa maji. Kisha akainuka, akatoka, asionekane tena.

Bi Kalunde akaja mbio. "Baba Tausi! Mkwe kasusa!"

"Nani kasusa?"

"Mzee Songoro. Kaondoka mbele za watu. Watu wameanza kunong'ona. Bwana harusi mwenyewe amekaa uso umemshuka."

Kapaya akaonja pilau. Haikuwa na kasoro. Akaonja kachumbari. Safi.  Mkwe akiondoka na njaa siku ya harusi, maneno yake hayaishi hadi wajukuu. Akavua aproni, akaamua kumfuata amwombe radhi, ingawa hakujua kosa. Akakatisha nyuma ya jiko ili awahi geti.

Alipofika penye banda la kuni akasimama kama aliyegonga ukuta.

Mzee Songoro alikuwa ameketi juu ya kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, magoti yakiwa karibu yaguse kidevu, kanzu ameikunja, kofia ameiweka juu ya kuni. Gunia lilikuwa chini. Sufuria dogo lilikuwa wazi mbele yake. Alikuwa anamega ugali wa mtama, anachovya nsansa, anakula kwa kasi ya mtu aliyetoka safari ya mbali.

Macho yao yakakutana. Mzee Songoro akameza tonge.

"Samahani, mkwe wangu," akasema. "Nilikuwa naondoka, harufu ikanishika mkono."

"Mkwe, hicho si chakula cha mgeni! Rudi ndani, nikupakulie sahani nyingine. Hicho ni... hicho ni changu."

"Cha kwako? Mpishi mkuu anakula kwa kujificha?"

Kapaya akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Hakuona namna nyingine.

"Mkwe, nina kisukari. Hiki ndicho chakula changu."

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Akasubiri kudharauliwa.

Mzee Songoro aliliweka tonge chini. Uso ule mkavu ukaanza kutetemeka. Kapaya akadhani amemuudhi. Kumbe mzee alikuwa anacheka! Alicheka hadi kibao cha mbuzi kikalia.

"Mkwe wangu," akasema akishika ubavu, "mimi ninacho tangu niko kazini. Kila harusi ninakwenda nikijua nitakunywa maji. Nikila chakula chenyewe, kesho yake nimelala kitandani. Nisipokula, naitwa mwenye maringo. Nimechagua kuitwa mwenye maringo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Wewe ulimwambia nani?"

 Kapaya akachukua kipande cha gogo, akakaa, akanawa, nao wakaanza kula pamoja.

Hawakukaa peke yao muda mrefu. Mke wa Mzee Songoro, aliyekuwa anamtafuta mumewe, alitokeza kwenye kona. Akaona sufuria. "Ndiyo nini hiyo inanukia? Nipisheni. Mimi nina presha, na ile samli naiogopa kama nyoka." Nyuma yake akaja shehe aliyefungisha ndoa, akidai amepotea njia. Alipoonja, akakiri kwamba na yeye hospitali walimwonya tangu mfungo uliopita. Akaja shangazi wa Tausi. Akaja jirani. Kila aliyekuja alikuja kwa kunyata, na kila aliyekaa alisema kwa sauti ya chini, "Na mimi," halafu akashangaa kusikia watu wanacheka.

Bi Kalunde alipofika na hofu yake, alikuta nusu ya wazee wa heshima wa harusi wamebanana nyuma ya banda la kuni wanagombea uyoga.

"Mama Tausi!" Kapaya akampigia kelele. "Leta mboga zote za bustani! Wameimaliza yangu!"

Bi Kalunde alikwenda bustanini akiwa na vazi lake la harusi, akachuma mchicha na matembele akiimba. Kina mama wakashika mwiko. Hawakupika tena nyuma ya banda; Mzee Songoro mwenyewe alilibeba sufuria hadi katikati ya ua, mbele ya watu wote, akasimama kando yake wima kama anasubiri treni.

"Wageni wenzangu," akasema. "Mlidhani nimesusa. Sijasusa. Mimi ni mgonjwa wa kisukari, na leo ni harusi ya kwanza tangu niugue ambayo nimeshiba. Pilau ile pale ni kwa anayeitaka. Na hiki hapa ni kwa anayekitaka. Asione haya mtu."

Ua ukalipuka kwa vigelegele. Bwana harusi akainuka, akamkumbatia baba yake, maana hata yeye hakuwa anajua. Tausi, na pambo lake lote la bibi harusi, alikimbia akamshika baba yake shingoni. Kapaya alicheka na kulia kwa pamoja. Ngoma ikaanza, na wazee waliozoea kusinzia baada ya sinia ndio waliokuwa wa mwisho kukaa chini.

Kutoka hapo, harusi nyingi za mji ule zikawa na masufuria ya aina mbili. Kapaya aliwafundisha wapishi wenzake bila kuficha kitu. Pilau hakuiacha kuipika, wala hakuichukia. Siku ya sherehe alijipakulia kidogo kando ya mboga, akaila polepole, akatosheka. Daktari Mbuke alimwalika akawafundishe wagonjwa wake kupika, na kliniki siku hiyo ikanukia hadi barabarani.

Shemeji yangu anasema alikuwepo kwenye harusi moja hivi karibuni. Msichana mmoja, mwenye afya yake, alipita mbele ya pilau bila kusimama, akalifuata lile sufuria lingine.

Mpakuaji akamuuliza kwa huruma, "Pole, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi, mama," msichana akajibu akinyoosha sahani. "Wala sina haraka ya kuumwa."

Funzo: Mwili huweka akiba ya kila tunachoulisha, kiwe chema au kibaya, na siku moja huturudishia. Chakula kinachokulinda kipikie kwa ufundi na upendo uleule wa chakula cha karamu. Na ukiugua usijifiche, kwa maana huenda aliyekaa karibu nawe naye anangoja mtu wa kwanza aseme.